Mbao za kingo za matuta Tabora: kisa cha bustani ya mwalimu mstaafu wa Ipuli

Bustani hii iko Ipuli, Manispaa ya Tabora, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ana matuta matatu: moja la mchicha na chainizi, moja la sukuma wiki, la tatu amechanganya nyanya chungu na bamia. Mboga anawauzia majirani mlangoni, na inayobaki inaliwa nyumbani pamoja na wajukuu. Kiwanja kina mteremko mdogo ambao mgeni hautambui mpaka mvua inyeshe. Udongo ni kichanga, kama ilivyo sehemu kubwa ya mji.

Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mvua za mwanzo hushuka kwa nguvu kwenye ardhi iliyokaa miezi mingi bila tone, na tuta la kichanga lililoinuliwa kwa jembe halizihimili. Upande wa chini unaporomoka, samadi inasombwa, mbegu za mchicha zinaota kwenye njia badala ya tutani. Mwalimu alikuwa akiyainua matuta yake upya kila baada ya mvua kubwa, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo alipoamua kuyawekea kingo za mbao, akaniita tukague pamoja.

"Mwanangu," aliniambia, "hela ya mbao ninayo, ila si hela ya kuezekea nyumba."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lake, kingo za bei nafuu atazipata wapi, naulizwa mara kwa mara, na jibu la haraka linalotolewa, "tafuta mabanzi," yaani vipande vya pembeni mwa gogo, limewapotezea watu wengi fedha zao.

Kabla ya kuuliza bei

Kila tuta lilikuwa na urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2. Mbao zetu za dukani ni za futi 12, ambazo ni mita 3.66. Kwa hiyo kila upande mrefu ungemeza mbao nzima, halafu udai kipande kingine cha sentimita 34 kutoka kwenye mbao mpya. Huo ni upotevu unaoanza hata kabla hujafika kwa muuza mbao. Tulikubaliana kuyapunguza matuta yawe futi 12 kwa futi 4. Upana wa futi 4 bado unamruhusu mtu kufikia katikati ya tuta kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo, na urefu unaopotea ni kama hatua ndogo ya mtoto.

Kwa vipimo hivyo hesabu inakaa vizuri: pande ndefu sita za matuta matatu ni mbao sita, na ncha sita za futi 4 ni futi 24, yaani mbao mbili. Jumla mbao nane, hakuna kipande kinachobaki. Ukitengeneza tuta moja tu, unahitaji mbao mbili na theluthi mbili, na theluthi inayobaki inaishia jikoni. Yeyote anayepanga bustani aanze na urefu wa mbao inayouzwa mjini kwake, kisha ndiyo achore tuta.

La pili lilikuwa kimo. Fundi wa kwanza aliyeulizwa alishauri moja kwa kumi, yaani ubao wa unene wa inchi 1 na upana wa inchi 10. Lakini mizizi ya mchicha na sukuma wiki haiishii kwenye mstari wa ubao. Inashuka kwenye udongo wa chini, mradi umelegezwa kwa jembe au uma. Kingo kazi yake ni kuzuia udongo wa juu usiporomoke. Inchi 5 au 6 zinatosha kabisa. Kushuka kutoka moja kwa kumi hadi moja kwa sita ni kupunguza asilimia 40 ya mbao kwa ujazo.

Mchwa ndio wanaopanga bei

Hapa ndipo Tabora inapotofautiana na ushauri mwingi ambao watu wanausoma. Mahali penye baridi, adui wa ubao ulioko ardhini ni kuoza. Kwetu kuoza kupo, lakini mchwa wanafika mapema zaidi. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa hubeba mti mkavu na kuupeleka shimoni kulishia kuvu wanaoutunza, na wanahitaji giza na unyevu ili wafanye kazi. Sasa fikiria Agosti: kiwanja chote kimekauka, na katikati yake kuna matuta matatu yanayomwagiwa maji kila jioni, yamezungukwa na ubao mkavu wa mti laini. Kwa mchwa hakuna mahali bora kuliko hapo.

Kwa hiyo bei ya mbao ya bustani huwezi kuisoma kwenye bango la yadi. Inabidi uigawe kwa misimu ambayo mbao itakaa. Mbao ya paina, ambayo sehemu kubwa inatoka Nyanda za Juu Kusini, Mafinga na Njombe, inafika Tabora ikiwa na nauli yote ya safari hiyo ndani ya bei, na isipowekwa dawa mchwa wanaweza kuimaliza ndani ya msimu mmoja au miwili. Kiini cha mninga kinakaa miaka. Kama mninga ni ghali mara tatu lakini unakaa mara tano, huo ndio wa bei nafuu. Tatizo ni kwamba hela ya kununulia mara moja ndiyo ambayo Mwalimu hakuwa nayo, na mbao nane za mninga mpya zingemaliza akiba yake yote.

Akageukia njia ambazo kila mtu huzitaja. Tulizipitia moja moja, na nyingi tuliziacha.

Mabanzi nitayaeleza zaidi, kwa sababu ndiyo yanayodanganya. Gogo la mninga lina sehemu mbili: kiini cha kahawia chenye wekundu, na sehemu nyeupe ya nje iliyokizunguka, chini ya gome. Ugumu dhidi ya mchwa uko kwenye kiini peke yake. Ile nyeupe inaliwa sawa na paina. Banzi ni kipande cha kwanza kinachotolewa pembeni mwa gogo ili mashine ipate uso wa bapa, kwa hiyo banzi kwa sehemu kubwa ni gome na ule weupe. Hata lile linaloonyesha mstari mpana wa kahawia, kahawia hiyo iko katikati ya uso wake. Kingo zake mbili nyembamba ni nyeupe tupu. Ukilisimamisha kwenye tuta, ukingo mweupe ndio unaokaa chini, penye udongo na unyevu. Mtu anaambiwa amenunua mninga, na mbao kweli ni ya mninga, lakini amechimbia ardhini ile sehemu ambayo mninga hauna ulinzi wowote. Gome nalo likibakia linawafichia mchwa njia. Kama utanunua mabanzi, mwambie mwenye mashine akupitishie kingo zote mbili zitoke nyeupe, kisha uone kinachobaki. Mara nyingi kinachobaki ni kijiti.

Mirunda ya mikaratusi ni rahisi kupatikana, kwani wakulima wa tumbaku wengi mkoani wamepanda miti hiyo kwa ajili ya kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Kwa kazi ya muda mfupi inafaa. Kwa kingo ya kudumu, miti michanga ya namna hiyo haina kiini cha kutosha. Mwembe, ambao Tabora umejaa tangu enzi za misafara, usiuweke ardhini kabisa.

Mbao zilizotumika kwenye zege ni jambo jingine. Jengo likishamwagwa zege, mbao zinabanduliwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na Mwalimu alishaahidiwa rundo zima na jirani aliyekuwa akijenga. Tulipozifikia, zilikuwa na madoa meusi ya mafuta na harufu ya gereji. Mafundi wengi huzipaka oili chafu ili zege lisigande. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na masizi ya mafuta yaliyoungua, na bustani ya mboga za majani ndiyo mahali pa mwisho pa kuviweka. Fundi alipoona tunasita, akasema kwa nia njema: "Mwalimu, si ndiyo vizuri? Mchwa hawatagusa." Ni kweli mchwa watachelewa. Lakini chainizi inaliwa na wajukuu, na hakuna anayeiosha kwa ndani.

Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa kipande cha nguzo ya zamani ya umeme alichopewa na mtu. Nguzo hizo hutiwa kreosoti, ambayo ni mafuta meusi ya makaa ya mawe, au dawa ya shaba, kromu na aseniki ambayo huacha rangi ya kijani kwenye mti. Aseniki ni sumu. Marekani iliacha kuruhusu dawa hiyo kwa matumizi karibu yote ya majumbani mwishoni mwa 2003. Mtu akitaka kuitumia nguzo kwenye uzio wa ng'ombe sina neno. Kwenye sukuma wiki, hapana.

Paleti za maghala, zile mbao za kupangia mizigo, tungezichukua kama zingepatikana. Tazama muhuri wake: herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto kuua wadudu, na MB maana yake zilifukizwa gesi ya sumu. Chukua za HT, acha za MB. Ila paleti nyingi ni za mti laini, kwa hiyo swali la mchwa linabaki palepale.

Na kuna wale wanaokuja usiku na mninga kwenye baiskeli, bei nusu. Kwa hili naomba msomaji anisikilize. Mbao za msitu wa asili zinatakiwa ziwe zimevunwa kwa kibali, zigongwe nyundo yenye alama ya kuthibitisha uhalali, na zisafiri na hati yake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, wana mamlaka ya kuzikamata. Lakini hata tukiiweka sheria pembeni: mninga unachukua miongo mingi hadi ufikie unene wa kupasuliwa, na misitu hiyo ya miombo unakoota ndiyo inayowapa nyuki wetu maua na Tabora asali yake. Kuukata mti wa namna hiyo kwa siri ili uzuie udongo wa mchicha ni kuutukana. Mwalimu naye alisema hataki, kabla sijamaliza sentensi.

Mteremko ulipotupunguzia mbao

Baada ya kukataa karibu kila kitu, tulirudi kiwanjani tukaitazama ardhi badala ya soko. Maji yalikuwa yanatoka juu, upande wa choo cha zamani, yanapita kati ya matuta na kuyabomoa kwa upande wa chini. Yaani tatizo lilikuwa la upande mmoja, na dawa iliyokuwa ikipangwa ni ya pande nne.

Kwanza tulichimba mfereji mpana usio na kina juu ya tuta la kwanza, unaoyachukua maji na kuyapeleka kwenye migomba pembeni. Kazi ya jembe na asubuhi moja. Pili, tuliyageuza matuta yalale kukingama mteremko. Baada ya hapo, upande wa juu wa kila tuta haukuhitaji kingo kabisa. Mwalimu amepanda mchaichai hapo, na mizizi yake imeshika udongo vizuri. Ncha fupi tulizipangia vipande vya tofali za kuchoma. Futi 24 za ncha ni tofali 32 za inchi 9 zikilala kwa urefu, na nusu tofali kwenye tanuri za wachomaji huuzwa kwa bei ndogo au hutolewa bure. Zichague zilizoiva: gonganisha mbili, zinazolia kwa sauti kali zitavumilia mvua, zinazotoa sauti butu zitarudi kuwa udongo kabla ya Machi.

Ikabaki mbao kwa upande wa chini tu: futi 36. Kutoka mbao nane tumeshuka hadi tatu. Mtu anayetafuta mbao za bei nafuu asidharau hatua hii. Hakuna muuza mbao atakayekupa punguzo la namna hiyo.

Vipande vya fremu

Mbao zenyewe zilipatikana kwenye karakana ya useremala inayotengeneza milango. Fremu za milango hapa kwetu hutengenezwa kwa mbao nene, mbili kwa tano au mbili kwa sita, na mteja anayelipia mninga hutaka kiini kitupu, hakubali weupe. Fundi anapokata miimo na vizingiti kwa kipimo, vinabaki vipande vya futi moja, mbili, hata tatu. Havitoshi fremu nyingine. Vinarundikwa nyuma na kuuzwa kama kuni, pamoja na maranda.

Kwa bustani, vipande hivyo ni bora kuliko banzi zima la futi 12. Ni kiini, ni vinene, vimenyooka, na urefu mfupi hauna shida kwa sababu kingo inaungwa kwenye kila kigingi. Na kwa kuwa fundi anayefuata taratibu hununua mbao zenye nyundo na risiti, mabaki yake nayo ni halali. Mwalimu aliongea naye kwa adabu ya mwalimu na aliyekuwa mwanafunzi wake, maana ndivyo ilivyokuwa, wakakubaliana bei ya kuni. Nilichomsisitizia ni kuchagua yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, mchana penye mwanga. Kila kipande kitazamwe kwenye ncha, pale pete za mti zinapoonekana: kama kona moja ina weupe, hata wa upana wa kidole, kiwekwe kando. Kulikuwa pia na vipande vya mkola, ambavyo ni vizuri vilevile. Vya mtundu tuliviacha, haukai ardhini. Vilihitajika kama 18, kwa wastani wa futi 2 kila kimoja.

Vigingi tulivipata kwa jirani aliyekuwa amekata mjohoro uwanjani kwake. Kiini cha mjohoro ni cheusi na kigumu, mchwa hawakipendi, na watu wengi Tabora wanauchoma kama kuni bila kujua wanachokichoma. Tulikipasua kwa shoka, tukachonga weupe wote utoke, tukapata vigingi bapa vya futi 2. Havikutosha. Safu tatu za vipande sita zinahitaji vigingi saba kila safu, jumla 21, na vichache vya mwisho Mwalimu alivikata kwenye mrunda uliokuwa nyumbani.

Ujenzi wenyewe ni mwepesi. Kigingi kinapigwa nusu yake ardhini, upande wa nje wa tuta, kila mahali vipande viwili vinapokutana, ili kigingi kimoja kishike ncha zote mbili. Vipande vinasimamishwa kwa ndani, udongo unajazwa, na uzito wa udongo wenyewe unavibana kwenye vigingi. Hatukupiga msumari hata mmoja. Kiini cha mninga kikipigwa msumari karibu na ncha hupasuka, na zaidi ya hapo, kipande kisichopigiliwa kinachomolewa na kubadilishwa peke yake siku kikiharibika. Nyufa ndogo kati ya vipande tuliziacha makusudi. Maji yanayojaa nyuma ya ubao uliozibwa huusukuma mpaka uanguke; yakipata upenyo hutoka taratibu na udongo ukabaki.

Upande wa nje wa kingo kuna ukanda wa kama futi moja usio na majani makavu wala matandazo. Hapo ndipo Mwalimu anapopitisha macho anapomwagilia. Mchwa wakianza, hujenga njia nyembamba za udongo juu ya mbao. Akiziona anazivunja kwa kijiti, na sisimizi wanamalizia kazi.

Baada ya msimu wa mvua

Pande za chini zilisimama mvua zote, pamoja na zile za Januari zilizojaza mfereji hadi juu. Tofali mbili kwenye ncha ya tuta la nyanya chungu ziliyeyuka, zikabadilishwa. Vigingi vya mrunda vimeliwa palepale usawa wa ardhi, ukivishika vinakatika mkononi, wakati vya mjohoro vilivyo jirani navyo havina alama. Vipande viwili vya mninga vilivyopita vikiwa na weupe kwenye kona vimebaki na umbo la ajabu: weupe umeondoka wote, umejaa udongo mahali pake, na kahawia imebaki nzima, unaweza kuipapasa kwa kidole na kuhisi ukingo ulipoishia. Jirani wa pili, aliyeweka paina mwezi uleule, anazibadilisha zote.

Kuna mabadiliko kwa upande wa bei. Watu wa mtaani walipoona, walianza kwenda kwenye karakana hiyo hiyo, na fundi sasa anavitenga vipande vya kiini visichanganyike na kuni, kwa bei iliyopanda kidogo. Sioni ubaya, bado ni sehemu ndogo ya bei ya mbao mpya, naye anapata thamani ya mti alioulipia. Karakana za fremu mjini ni nyingi, na nyingi bado zinachanganya mabaki yake na kuni. Mwalimu ameshaomba awekewe vipande vingine kwa ajili ya tuta la nne, la matembele, analotaka liwe tayari kabla ya Novemba, na safari hii ameomba pia vya futi mbili vya kuchonga vigingi, ili mrunda usirudi tena bustanini mwake.